Imla ya Darasa la Nne

Somo la Kiingereza la darasa la nne nilipewa kwa sababu mwalimu aliyekuwa akilifundisha alihamishwa, na kwenye kikao kila mtu aliinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Mwalimu mkuu akanitazama, akasema, "Mwalimu, wewe bado una nguvu, lichukue." Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa Kiswahili na maarifa ya jamii, na kwamba Kiingereza changu ni cha kusomea, si cha kusemea. Akacheka. "Basi wafundishe hicho hicho cha kusomea." Kikao kikafungwa.

Shule yetu iko upande wa Mbegani, karibu na pwani kiasi kwamba chumvi inakula bawaba za madirisha. Mimi kwetu ni Ubena, bara, ambako watu wanajua mihogo na magari ya barabara kuu. Darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Walibanana wanne na watano, na waliokosa nafasi walikaa sakafuni mbele, karibu na miguu yangu. Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa kila dawati, kwa hiyo waliokaa ukingoni waliona nusu ya ukurasa tu.

Niliandika sentensi ubaoni, wakaiimba vizuri. Nikafuta neno moja katikati, wakaiimba vilevile, na lile neno lililofutwa limo. Hapo ndipo nilipoelewa nimeingia wapi. Hawakuwa wakisoma. Walikuwa wamehifadhi, kama walivyozoea madrasa kuhifadhi sura za Kurani kabla ya kujua maana yake, na kuhifadhi waliweza kunishinda mimi. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni kwangu na kile kitabu mapajani, najiuliza nianzie wapi. Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa taifa, na mtoto asiyefaulu harudi nyumbani wala haendi mbele. Anarudia darasa.

Katika msongamano ule wote, kulikuwa na msichana mmoja aliyekaa peke yake, dawati la nyuma kabisa. Nilipouliza kwa nini, darasa zima likajibu kwa pamoja, "Madam, ananuka sikio!" Yeye akatabasamu, kama mtu aliyeona wenzake wanafurahi akafurahi nao. Alikuwa na pamba sikio la kulia, na kola ya shati lake upande ule ilikuwa na doa la manjano lisilotoka. Nilimhamishia mbele siku ile ile. Kesho yake nikamkuta nyuma tena. Wenzake wa dawati la mbele walikuwa wamemsukuma.

Walimu wengine waliniambia nisijisumbue naye. "Huyo ana kiburi," alisema mwalimu wa hisabati. "Ukimwita haitiki. Akijisikia anajibu, asipojisikia ananyamaza." Na kweli, kwenye Kiswahili alikuwa anajitahidi. Kwenye Kiingereza alikuwa kama jiwe. Nikisoma imla, yaani nikitamka maneno nao wakiandika, yeye alinikazia macho mpaka nikaona haya, halafu akaandika kitu kingine kabisa.

Mvua ya masika ndiyo iliyonifumbua. Ilishuka ghafla katikati ya kipindi, na bati zetu hazina dari, kwa hiyo mvua ikinyesha hakuna mtu anayesikia mtu. Watoto wakaanza kupiga kelele na kucheka. Mimi nikasimama ubaoni nimewaelekea, chaki imenikatikia mkononi, nikasema kwa kujisemea tu, "Nani ataniletea chaki ofisini?" Sauti yangu sikuisikia hata mimi. Yule msichana akanyanyuka dawati la nyuma, akapita katikati ya wenzake, akatoka mvuani. Akarudi amelowa, ameficha chaki mbili ndani ya kiganja.

Nikabaki namtazama. Akanirudishia lile tabasamu lake.

Mvua ilipokatika nikapita nyuma ya dawati lake nikamwita kwa jina, sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa nguvu, darasa zima likageuka, yeye akaendelea kuchora. Alipoona wenzake wamegeuka ndipo naye akageuka. Nikakaa kwenye dawati lake. Mtoto huyu alikuwa akisoma midomo yetu. Kiswahili anakijua tangu kabla sikio halijaharibika, kwa hiyo akiona mdomo unavyocheza, moyo wake unajaza yaliyobaki. Kiingereza je? Angejaza na nini?

Alasiri nilikwenda kwao. Mama yake anakaanga samaki nyuma ya soko, na nyumba yao iko hapo karibu. Nilimkuta bibi wa msichana barazani, anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kafanya nini mjukuu wangu?"

"Hajafanya kitu, bibi. Nimekuja kuulizia masikio yake."

Bibi akaweka ungo chini. Akaniambia mtoto alianza kutokwa na usaha akiwa mdogo, baada ya surua. Walimtia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na kitunguu saumu, usaha ukakatika, kisha ukarudi. Mama alipofika, mikono bado ina unga na mafuta, aliusikiliza mpango wangu wa kwenda hospitali akiwa amesimama. "Mwalimu, mimi nilidhani ni utukutu," alisema. "Namwita jikoni haji. Namchapa. Kumbe mwanangu hasikii?" Akakaa chini pale pale mchangani, akajifunika uso kwa upindo wa kanga.

Tulikwenda hospitali watatu, mimi, mama na mtoto. Tabibu aliangalia sikio la kulia, akaangalia la kushoto, akarudia. Ngoma za masikio zote mbili zilikuwa zimetoboka. La kulia halikuwa na matumaini, la kushoto linasikia kidogo, na hicho kidogo kinaweza kupungua. Akatoa dawa ya matone, akasema maji yasiingie, akasema kuna vifaa vya kusaidia kusikia lakini vinapatikana hospitali kubwa Dar, na foleni yake ni ndefu. Msichana alikuwa anatazama mdomo wa tabibu muda wote. Sijui alishika mangapi.

Tangu siku ile nikawa nabaki naye baada ya masomo. Nilimkalisha mbele yangu, dirisha likiwa mgongoni kwake ili mwanga uniangukie usoni. Tulianza na maneno mafupi ya kitabuni, na hapo tukakwama mapema. Kuna maneno matatu, "mat", "bat" na "pat", mkeka, popo na kupapasa. Sema mbele ya kioo utaona. Mdomo ni ule ule. Mimi mwenye masikio sikuwahi kuliona jambo hilo maishani mwangu.

Nikachukua kiganja chake nikakiweka mbele ya mdomo wangu. Kwenye "pat" pumzi ilimpiga kiganjani, akashtuka akacheka. Kwenye "bat" nikaweka vidole vyake kooni kwangu, akahisi mtetemo. Kwenye "mat" nikaweka kidole chake ubavuni mwa pua yangu, mtetemo ukahamia hapo. Tukarudia, tukarudia. Mikono yake ilinuka vitunguu na samaki, na nikawa naogopa mtu asipite dirishani akadhani mwalimu amerukwa na akili. Siku aliyoandika yote matatu bila kukosea alinyanyuka akatoka nje, akazunguka darasa zima mbio, akarudi akakaa.

Kuandika kulimfaa kuliko chochote. Neno lililo kwenye karatasi halimfichi kitu. Wenzake walipokuwa bado wanaimba, yeye alikuwa anasoma kweli, neno kwa neno, na akikutana na asilolijua anaweka kidole juu yake na kunitazama. Siku moja aliniandikia sentensi ya kwake mwenyewe: "My mother fry fish." Mama yangu hukaanga samaki. Kitenzi kilikosa mwisho wake. Sikuisahihisha. Katika darasa lile lote, hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiingereza ambayo haikutoka kitabuni.

Lakini upimaji wa Kiingereza unaanza na imla. Msimamizi anatoka shule nyingine, anasoma, watoto wanaandika. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba msichana apewe karatasi maalumu, au angalau akae mbele na msimamizi asome akimtazama.

"Wenye mahitaji maalumu majina yao yalipelekwa wakati wa usajili," akasema. "Wakati huo ulikuwa wapi?"

"Wakati huo hakuna aliyejua, mwalimu."

"Na wanakaa kwa namba. Namba yake iko nyuma. Mimi nifanyeje? Nibadilishe namba za taifa?"

Hakuwa mtu mbaya. Alimpigia afisa elimu kata mbele yangu, akaweka simu sauti ya juu nisikie mwenyewe. Jibu lilikuwa ni lile lile. Nikamwandikia msichana ujumbe wa kumpa msimamizi kwenye kipande cha karatasi: *Sisikii. Naomba usome ukinitazama.* Nikamwambia autoe kabla hawajaanza.

Siku yenyewe walimu wa shule hatukuruhusiwa kusogelea vyumba. Nilisimama kwenye kibaraza cha ofisi. Madirisha ya darasa lile hayana vioo, kwa hiyo nilimwona. Nilimwona ananyoosha mkono na karatasi, nikamwona msimamizi, kijana mmoja nadhifu, anaipokea, anaitazama, anamrudishia na kumwashiria akae. Labda alidhani ni ujanja. Labda aliogopa sheria. Kisha akaanza kusoma, na huku akisoma akitembea katikati ya madawati, taratibu, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa wote chuo cha ualimu kwamba mwalimu mzuri hasimami mahali pamoja.

Kichwa cha yule mtoto kikawa kinamfuata. Akienda kushoto, kinakwenda kushoto. Akimpita akampa kisogo, ananyoosha shingo, ananyanyuka nusu kwenye kiti. Msimamizi akamgusa bega akamkalisha. Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua kabisa mdomo, na mwalimu wa hisabati, ambaye sikujua yuko nyuma yangu, akanishika mkono. "Ukipiga kelele darasa zima litafutiwa matokeo," akaninong'oneza. Nikafunga mdomo. Mpaka leo sijui kama ningefanya vingine.

Matokeo yalipotoka hakufaulu. Ufahamu alipata vizuri, lakini imla ya Kiingereza hakupata kitu, wala ya Kiswahili, na masomo mengine hayakutosha kumbeba. Mwaka mpya alirudi darasa la nne na watoto waliokuwa wakimfika begani. Walimpa dawati la nyuma. Niliomba nimhamishe, nikamhamisha, wakamsukuma, nikamhamisha tena. Kisha siku moja hakuja, wala kesho yake.

Nilimkuta sokoni amesimama kwenye karai na mama yake, anageuza vibua kwa kijiti. Nikamwambia nikimtazama, polepole, "Rudi shule." Akatikisa kichwa.

"Sitaki, Madam," akasema. Sauti yake siku hizo ilikuwa imeanza kulegea, maneno yanakosa mwisho. "Wananicheka."

Nikamgeukia mama yake. Akaendelea kukaanga. "Mwalimu, umehangaika, Mungu akulipe," akasema. "Lakini nimrudishe akafanye nini? Akatazame midomo ya watu mwaka mwingine?"

Nikawaaga. Kuna shule yenye kitengo cha watoto wasiosikia, mbali kidogo na kwetu. Nilikwenda mwenyewe. Mwalimu wa pale, mama mtu mzima mwenye huruma, alinionyesha bweni: vitanda vya ghorofa, watoto wawili wawili kila kitanda. "Niandikie jina lake," akasema. "Nafasi ikipatikana nitakupigia." Hajanipigia. Mimi hupiga kila muhula, naye hunijibu kwa upole ule ule, na mimi humshukuru.

Bado nafundisha Kiingereza darasa la nne. Nikisoma imla nasimama mahali pamoja, nimewaelekea, na mkaguzi mmoja ameshaniandika kwamba sina uchangamfu darasani.

Msichana huniandikia ujumbe kwa simu ya mama yake. Mara nyingi ni salamu tu, na samaki waliopatikana siku hiyo. Juzi aliandika: "Madam shikamoo. Kwenye chupa ya dawa yangu ya masikio wameandika shake well. Duka la dawa wamesema shake ni tikisa. Well si kisima? Kwa nini nitikise kisima?"

Nilicheka peke yangu mle ofisini, kisha nikalia hadi mwalimu wa hisabati akatoka nje kunipisha. Nikamwandikia kwamba hapo "well" ni vizuri, atikise vizuri kabla ya kutia, na kwamba maneno mengine yana maana mbili. Akaniuliza, "Yako mengi?" Nikamjibu, "Mengi sana." Akasema basi nimtumie mengine.