Naanza Upya

Mimi ni bingwa wa ukurasa wa kwanza. Wa pili sijauzoea. Kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma hadithi za sayari za mbali kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo sina hata mwalimu wa kulaumu.

Hadithi yangu, ukurasa mmoja na nusu, matunda ya miaka miwili, ilihusu Bukavu ya miaka mia ijayo, ambako vilima vinahama usiku. Mtu analala kwa maskini wa Kadutu, anaamka dirisha lake linatazama majiko ya matajiri wa Muhumba. Kundi letu la wasomaji hukutana Jumamosi katika chumba cha michezo ya video cha mama mmoja, kwa sababu ana viti na jenereta. Mara mbili niliahidi kusoma, mara mbili nikaumwa tumbo. Safari hii wakaniambia wazi: nisiposoma, nafasi yangu inapewa mshairi anayeanza kila shairi kwa "Ee". Heri nisome na tumbo likiniuma.

Chumba kile kina sheria moja. Ukifungwa bao, kidole chako kikakimbilia kuanzisha mechi upya, unatoa maneti, kile kidude cha kuchezea, mikononi, na anayefuata anaimalizia mechi yako pamoja na aibu yake yote. Niliwahi kuandika insha kuhusu sheria hiyo, nikidai kwamba mchezo ni fasihi. Wachezaji waliitumia kufungia mandazi.

Jumamosi ikafika, nikasoma sentensi mbili. Katika ya tatu nikakuta neno "giza", ambalo lilikuwa tayari katika ya kwanza.

"Samahani," nikasema. "Naanza upya."

"Yaya, toa maneti," akasema binti wa yule mama, anayesimamia zamu na kumwita kila mkubwa wake yaya.

"Hii si mechi."

"Iko mechi. Toa."

Wote wakagonga viti. Nikatoa karatasi. Akasoma yeye, mbio mbio, kama anayesoma matangazo ya misa, hata mistari niliyoifuta kwa kalamu. Vilima vilipohama, mahali nilipotegemea mshangao, walicheka.

"Miaka mia ya nini?" akauliza mchezaji mmoja aliyekuwa akingoja zamu. "Kwetu mulima ilishahama na mvua ya Pasaka. Nyumba ya jirani ilifika mu choo yetu, na sasa anasema choo iko yake."

Kisha binti akafikia mstari niliokuwa nimeufuta kwa sababu ulikuwa mwepesi mno: mama anayeamka kila asubuhi kutafuta kaburi la mtoto wake limehamia kilima gani. Hapo hakuna aliyecheka. Yule mchezaji akatazama mikono yake.

Binti alipomaliza, nikanyoosha mkono.

"Nirudishie, nirekebishe kidogo tu."

"Mwenye kutoka anangoja zamu," akasema, akampa yule mchezaji. Naye akaikunja, akaitia mfukoni, aende kuwasomea watu wa nyumbani kwake.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kuna ukurasa wangu unaotembea Bukavu ukiwa na neno "giza" mara mbili.