Bikari ya Makindu

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu huko Mukuyuni, na nilipenda kukusanya vifaa vya zamani vya kuchorea. Sanduku nililolipenda zaidi nililinunua Makindu, kwa mzee aliyewahi kuchora ramani za reli. Ndani mlikuwa na bikari za shaba na chupa ya wino uliokauka, zote zimefungwa kwa kitambaa chekundu.

Siku moja mama mwenye nyumba aliniletea maziwa, akalikuta sanduku wazi. Akaona zile ncha kali, kile cheusi chupani, kile kitambaa. Akaondoka bila kuniaga. Kufikia jioni majirani hawanisalimii, wananong'ona neno moja tu: kamuti, uchawi wetu Wakamba. Kwa neno hilo mtu huchomewa nyumba.

Upuuzi mtupu! Lakini asubuhi nilimwita yule mama mwenye nyumba, nikalifungua sanduku mbele yake.

"Mama, hebu tazama. Ni vya kuchorea tu."

Nikachomeka ncha ya bikari kwenye karatasi, nikazungusha. Duara likatoka safi kabisa. Nikampa ile karatasi.

Duara hata hakulitazama. Alinyoosha kidole kwenye kile kitundu cha katikati, asikiguse, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na hapa, mwalimu, umemchoma nani?"