Deki Yenye Sauti Kubwa

Mimi hupenda filamu za kupigana, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu aliyeshinda ndani ya lori lililosheheni saruji, akitukanwa kwenye mizani na kupitwa ovyo na mabasi kwenye kona, hawezi kupumzika kwa kutazama watu wakibusiana. Nataka kuona meno yakitoka. Nataka yule mbaya aliyetesa watu tangu mwanzo apigwe mpaka mimi mtazamaji nichoke, ndipo nilale vizuri.

Zamani nilikuwa nikitazama kwenye simu, nimeiegemeza kwenye dashibodi. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya kiwanda huko Jinja, ilizima pale hasa vita vilipopamba moto. Niliiwasha, ikazima. Niliiwasha tena, ikazima tena. Hasira zikanipanda, nikaibamiza kwenye usukani, kioo kikapasuka na kiganja changu kikachanika. Shemeji yangu aliyeketi kando alinifunga kitambaa, huku mabega yake yakicheka.

Shemeji huyo ni mume wa dada yangu mdogo, na ndiye utingo wangu. Dada alinikabidhi mumewe mlangoni kwao Bungoma, akiwa na mimba kubwa, akanikamata ukosi wa shati. "Kaka, huyu hajui kujitetea," aliniambia. "Ukienda naye, urudi naye."

Alisema kweli, maana shemeji ana kigugumizi kibaya. Neno likimkwama, shingo humvimba na macho humtoka, na asiyemjua hudhani anaficha jambo. Mlinzi mmoja wa getini aliwahi kumzaba kofi kwa sababu alichelewa kutaja jina lake. Mlinzi huyo nilimkaba koo hadi wenzake wakaja kunibandua. Kigugumizi humshika kwa Kiswahili na humshika kwa Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani, ambayo na ile ya Wamasaba wa Mbale ni ndugu wa tumbo moja. Ila barabarani Kibukusu hatukitumii. Dereva akishavuka mpaka, Kiswahili ndicho hukaa mdomoni.

Kitu kimoja tu kilimfungua ulimi, nacho ni kuigiza. Tulikuwa na filamu ya makomando iliyotiwa sauti ya Kiswahili, na ndani yake kulikuwa na kamanda anayevamia kijiji. "Lala chini wote!" kamanda hunguruma. "Atakayeinua kichwa, hicho kichwa si chake!" Shemeji akijifanya kamanda, hakwami hata silabi moja. Sauti humshuka hadi tumboni na maneno humtoka yamenyooka, nami hucheka hadi naegesha lori pembeni.

Basi, simu ikiwa imekufa, tukaingia mjini Jinja kutafuta kifaa cha kutazamia filamu safarini. Mama mwenye duka alitutolea tableti na deki ndogo ya kukunja, yenye kioo chake juu. Shemeji aliipenda tableti. Alinieleza kwa taabu kwamba ni nyembamba, chaji yake inakaa, filamu nyingi zinaingia kwenye kadi, na tena kila mtu anaweza kuchomeka vipokea sauti vyake masikioni akatazama bila kumsumbua mwenzake. Mimi damu ilinichemka. Ngumi isiyosikika ni ngumi gani? Lori letu linanguruma kuliko simba, na mimi sikutaka kifaa cha kuninong'oneza. Deki ilikuwa na spika mbili na waya wa kuchomeka kwenye umeme wa gari. Nilimsukuma shemeji kifuani, akagonga rafu, maboksi yakamwangukia kichwani.

Alivyo mtu wa amani, aliinuka akicheka, akaomba deki ijaribiwe. Tulichomeka flashi yetu, tukafungulia sauti mpaka mwisho. Kamanda akanguruma, na shemeji akanguruma pamoja naye.

Nilipogeuka nilimwona mama mwenye duka ameweka mikono yote miwili juu ya meza, vidole vimetanuliwa, macho ameyainamisha. Ilimchukua muda kidogo kujikumbuka na kuiondoa. "Nyinyi watu ya Kenya," alisema polepole, "hiyo sauti hapa hapana cheza nayo. Sisi nasikia hiyo Kiswahili ya askari, nakumbuka watu yetu." Mimi nilimwona ni mtu wa kukuza mambo. Nikailipia deki, tukaondoka.

Tulifika Mbale kushusha saruji upande wa viwandani. Waya wa deki ulikuwa umelegea tayari, kwa hiyo shemeji aliibeba akaenda kutafuta fundi mtaa wa Namatala, nami nikabaki kuwasimamia wapakuaji. Mawingu yalipoanza kujikusanya, nilifuata njia aliyoshika ili nimharakishe.

Nilimwona kwa mbali akitoka kwa fundi. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Akaitia deki ndani ya shati isilowe, akaanza kukimbia, waya ukining'inia nyuma yake. Kwa mtu asiyemjua, huyo alikuwa mwanamume mgeni anayekimbia na mali ya watu tumboni.

"Mubbi!" mtu alipaza sauti, yaani mwizi. Neno hilo halihitaji shahidi. Kijana mmoja alimtia ngwara, shemeji akaanguka kifudifudi juu ya deki, na kabla hajainuka walikuwa wameshamzunguka. Walimwinua kwa nywele, wakamuuliza kile kitu ni cha nani.

"Cha... cha... cha..." Shingo ikamvimba, macho yakamtoka.

Hawakungoja. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, ya pili sikioni. Mmoja alikuja na ubao wenye misumari. Mwingine aliokota jiwe, akalipima mkononi kwanza, akampiga nalo kwenye mbavu. Nilikuwa natazama filamu hizi miaka yote na sikuwa najua kwamba ubavu wa mtu ukivunjika hutoa mlio mdogo sana. Niliwaingia kwa kichwa. Niliyemfikia kwanza nilimvunja pua, wa pili nikamng'ata mkono hadi nikaonja damu, huku nikipiga kelele kwa Kiswahili kwamba huyo ni shemeji yangu, deki ni yetu, mwacheni. Wakasikia Kiswahili tu. "Hii ndiyo mwenzake!" mmoja alisema, na ubao ukanishukia mgongoni.

Nikiwa kwa magoti nilimwona kijana akija anavingirisha tairi kuukuu. Nilijua tairi lile ni la kazi gani. Nilimwona dada yangu mlangoni, tumbo mbele, ananikamata ukosi, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"LALA CHINI WOTE!"

Nilidhani deki imejiwasha. Sauti ilitoka katikati ya lile kundi, nzito, imenyooka, haina haraka. "Atakayeinua kichwa, hicho kichwa si chake!"

Wakalala. Mwenye ubao alilala, mwenye tairi aliliachia likaenda zake na yeye akalala. Wanawake waliokuwa wakitazama vibarazani walilala, wenye bodaboda walilala kando ya pikipiki zao. Na mimi, niliyeisikia sauti hiyo mara nyingi nikicheka, nilijitupa kwenye tope na kuficha uso.

Nilipothubutu kuchungulia, shemeji alikuwa amesimama peke yake. Jicho moja lilikuwa limefumba, sikio limechanika, na deki ilikuwa vipande miguuni pake. Nyuma yake hapakuwa na jeshi. Hapakuwa na bunduki wala gari. Vijana nao walianza kuchungulia mmoja mmoja, wakatambaa, kisha wakainuka na kutimua mbio bila kugeuka.

Alibaki mtu mmoja. Alikuwa bibi muuza nyanya, ambaye hakuwa amerusha hata jiwe. Vijana walilala kwa kuigana, huku na huko, lakini yeye alilala kama anayejua: kifudifudi, miguu imetanuliwa, viganja kwenye kisogo. Nyanya zake zilikuwa zimetapakaa topeni.

"Afande," alisema huku mdomo ukigusa ardhi, "vijana yangu nyinyi ilishachukua. Hapana baki ingine."

Shemeji alipiga magoti kando yake, damu ikimdondoka kidevuni. Alitaka kumwambia ainuke. "I... i... i..." Kamanda alikuwa ameshaondoka, na bibi akakaza macho akisubiri pigo.

Nikamsaidia. "Mama, simama. Sisi si askari," nilimwambia, kwa kile Kiswahili changu kizuri cha kununulia nyanya.

"Ndiyo, afande," alijibu, na hakusogea hata kidogo.

Ndipo nikamwita "Mayi", mama, kwa lugha ya nyumbani. Nikamwambia kwa Kibukusu kwamba sisi ni watoto wa ng'ambo ya mlima tu, na huyu ni mume wa dada yangu, na dada anamngoja. Bibi alifumbua macho. Aliketi taratibu, akamtazama shemeji uso ulivyopondeka, kisha akanitazama mimi muda mrefu. Alifungua kanga yake kiunoni na kuanza kumfuta shemeji damu.

"Kumbe kinywa hiki mnacho," alisema kwa lugha yetu, bila kuniangalia tena. "Na wakati wanamuua, ukaenda kutumia kile?"

Niliinama nikaanza kumwokotea nyanya zake.