Dang'a ya Ng'ombe Mwekundu

Kwetu, nje kidogo ya Bariadi, ndama hukatwa sikio kuwekwa alama ya ukoo. Baba mdogo alimkata yule wa ng'ombe wetu mwekundu akiwa bado mchanga, na damu ikagoma kukata. Tukabana kwa kitambaa, tukapaka majivu, wapi! Ilichuruzika mpaka ndama akalegea, akafa. Fizini alikuwa na vidoa vyekundu, na tumboni damu imevilia pale ambapo hakuna aliyempiga.

Ndama wa mwaka uliotangulia, wa ng'ombe huyohuyo, alikufa vilevile. Wote wawili walipelekwa chuchuni na bibi, mama mzazi wa baba mdogo, wanyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Ndiyo kazi yake pale nyumbani tangu nipate akili.

"Mayu, umemla na huyu kwa uchawi wako!" baba mdogo alimpigia mama yake kelele, akachomoa panga lililochomekwa kwenye paa.

Bibi alikinga uso. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanguka kwenye samadi. Nilinyakua mchi, nikamtwanga baba mdogo mgongoni, kichwani, popote, mpaka majirani wakanishika. Laiti wangechelewa kidogo! Hata leo nasema hivyo.

Ukoo ukakaa, wakasema yaishe nyumbani. Yaishe! Vidole vitaota?

Bwana mifugo alipokuja kuchanja, nilimsimulia. Akasema huenda dang'a ya ng'ombe yule ina kinga inayowageukia watoto wake mwenyewe na kuua chembe za kugandisha damu. Ndama anazaliwa mzima, akishanyonya ndipo anaharibika. Ng'ombe huyo akizaa tena, ndama apewe dang'a ya ng'ombe mwingine, na kisu kikae mbali na sikio. Baba mdogo alisikia yote.

Mwekundu akazaa tena, wakati mmoja na ng'ombe wetu mweusi. Tukamtenga ndama asimguse mama yake, tukakamua dang'a ya yule mweusi. Ndama akagoma kunywa. Baba mdogo akaenda kuchuchumaa mlangoni kwa bibi.

"Mayu, njoo umnyweshe. Kwako wewe anakubali."

Bibi aliinua mkono wake wenye vidole vitatu, akamwonyesha.

"Mshike wewe, ng'wanone, mwanangu. Akivuja damu, nani atakuja na panga?"

Baba mdogo alirudi zizini. Akamshika ndama, ndama akarusha kichwa, dang'a ikammwagikia miguuni, na bibi akafunga mlango.