Begi Refu la Kaka Yangu

Kaka yangu alipostaafu upolisi, nyumba yake ya Luzira ilikuwa kimya mno kwa mtu aliyezoea kelele za kambi. Mkewe alishafariki, watoto walishakwenda zao. Akajiunga na klabu ya kulenga shabaha nje kidogo ya mji, na haikupita miezi mingi akanivuta na mimi.

Sisi ni watoto wa askari. Baba yetu alitoka kaskazini, akatulea kambini kwa Kiswahili cha amri, na bunduki nyumbani kwetu ilikuwa kitu cha kuheshimu, tena kwa mbali. Sikutegemea kwamba ukubwani ningeipenda. Lakini kulala kifudifudi juu ya mkeka, kuvuta pumzi na kuiachia nusu, kisha kuona tundu dogo limetokea kwenye karatasi kule mbali, kulinipa utulivu ambao hata kanisani siupati kila Jumapili.

Bunduki na risasi hazikuwa zetu. Zilikaa kwenye stoo ya silaha pale uwanjani, na hakuna mwanachama aliyeruhusiwa kutoka nazo. Sisi tulibeba vitu vyetu tu: koti zito la kulengea, glavu, miwani, vizibo vya masikio, mkeka, na darubini ya kaka pamoja na miguu yake mitatu. Tulivibeba ovyo, kwenye magunia. Siku moja mvua ikatukuta njiani, mkeka ukalowa, na kioo cha darubini kikakwaruzika. Kaka akasema imetosha, tukanunue mabegi ya maana.

Tukaenda Kabalagala asubuhi, wakati baa zimefungwa na watu wanafagia chupa za jana. Dada mmoja anayeuza mabegi alitupokea vizuri, akatushushia kila kilichoning'inia. Kaka alianza kukagua kama anayekagua gwaride. Alivuta zipu mbele na nyuma, akabonyeza sponji ya ndani, akapachika mkanda begani na kutembea nao. Begi la kwanza, la madoadoa ya kijani, hakuligusa hata kidogo.

"Hiyo rangi ya jeshi," alimwambia muuzaji. "Raia akikamatwa nayo, taabu. Toa hapo mlangoni, dada."

Lililompendeza lilikuwa refu na jeusi, la turubai nene, zipu yake ikitoka kichwani hadi miguuni. Mkeka uliingia bila kukunjwa. Miguu ya darubini ilikuwa na mfuko wake pembeni. Kwa kazi yetu, sijaona begi bora kuliko lile.

Mwanamume wa makamo alikuwa amesimama mlangoni na soda yake. Sikujua kama ni mteja au jirani wa duka. Alilitazama begi, akamtazama kaka viatuni, kisha usoni.

"Mzee, hii inaingia ndefu kiasi gani?" aliuliza.

Kaka alicheka. Alikuwa na furaha siku ile. "Inaingia yoyote," akasema.

Yule mtu naye akacheka, akaweka chupa chini taratibu, akaondoka bila kununua kitu. Muuzaji alimsindikiza kwa macho. Nilipomuuliza kama anamfahamu alitikisa kichwa na kuanza kukunja mabegi yaliyobaki, haraka haraka, ingawa tulikuwa hatujamaliza.

Kaka akalilipia; mimi nikashindwa kununua la pili kama lile. Sababu yenyewe sikuijua sawasawa. Nilichukua begi la buluu la kubebea vifaa vya netiboli, pana na fupi, na mkeka wangu ulichomoza nje kama mkate kwenye kikapu. Kaka alinitania njia nzima.

Nyumbani Ggaba nilimsimulia mume wangu. Yeye ni Mkenya, anauza vifaa vya ujenzi, na tangu tuoane Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Aliacha kula.

"Shemeji analipenda hilo begi?"

"Sana."

"Basi mwambie alitie ndani ya gunia. Mtu akiliona hilo begani hatauliza kama ndani kuna mkeka. Ataona bunduki. Na mjini hapa kuna watu wanaoitafuta bunduki kuliko wanavyotafuta chakula."

Nilimpigia kaka nikamweleza hivyo. Alijibu kwamba amebeba silaha za serikali maisha yake yote na hakuna aliyethubutu kumsogelea, sembuse leo akiwa na mkeka.

Jumamosi zilizofuata nilianza kuona mambo. Pikipiki isiyo na namba ilikuwa nyuma ya gari letu tukienda, na nilipogeuka tena haikuwepo. Mlinzi wa lango la klabu alitwambia kuna watu walipita kuuliza wanachama huja siku zipi. Aliwajibu kwamba hapo ni shamba la kuku. Jirani wa kaka, mama mmoja anayeuza samaki, akamwuliza kama anahama, maana kuna vijana walimwuliza kama mzee wa nyumba ile anaishi peke yake. Kaka aliniambia hayo akitabasamu, lakini niligundua kwamba ameanza kufunga mlango wa gari kwa ndani.

"Liache hilo begi kwangu," nilimwambia.

"Nikianza kuogopa begi, kesho nitaogopa nini?"

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na homa, akaenda peke yake. Alirudi alasiri, jua bado kali. Alishuka kufungua geti lake mwenyewe, begi likiwa begani kwa sababu hakupenda kuliacha ndani ya gari hata kwa dakika. Walikuwa wawili. Jirani muuza samaki aliwaona wakimwingiza uani naye akadhani ni wageni, kwa jinsi walivyotulia.

Simu ilipokuja nilisahau homa. Tulimkuta hospitalini, kichwa kimefungwa, mkono wa kulia umevunjwa vidole. Walikuwa wamelifungua begi pale pale uani na kumwaga kila kitu. Walipokuta koti na vizibo vya masikio wakamwuliza bunduki iko wapi. Akawaambia ukweli. Hawakuuamini. Wakauliza tena, na kila jibu lililofanana na la kwanza lilimgharimu kidole.

Mume wangu alipotoka kutafuta daktari, kaka alinivuta karibu.

"Hawakupiga kelele," alisema. "Wezi wa mtaani wanapiga kelele, wanaogopa. Hawa walisema, 'Lala chini. Mikono nyuma. Usigeuke.' Mmoja alisimama getini, mwingine akapekua. Hata mimi ningewapanga hivyo hivyo."

"Unataka kusema ni askari?"

"Nasema walifundishwa."

"Umewaambia polisi waliokuja?"

Alitazama mlango wa wodi. Nje, konstebo kijana aliyekuja kuandika maelezo alikuwa akizungumza na muuguzi na kucheka.

"Nimewaambia sikuona kitu," akasema. "Na wewe ukiulizwa, ulikuwa mgonjwa."

Hawakukamatwa. Sijui kama walitafutwa. Tulipokwenda kufunga nyumba ya Luzira, koti lilikuwa bado uani, limekanyagwa, na begi halikuwepo. Walilichukua likiwa tupu. Mume wangu alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Mtu hachukui begi la bunduki, alisema, kama hana mpango wa kulitia bunduki.

Kaka anakaa kwetu sasa. Vidole viwili havikunjiki. Hajaniuliza kuhusu klabu, nami simwelezi, ila anajua ninakwenda, kwa sababu ananiona nikitoka na begi langu la buluu na vitambaa vya jikoni nimevitandaza juu yake. Nilidhani ningeacha. Nilikosa Jumamosi kadhaa, kisha nikarudi, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa raha.

Shabaha yangu imeharibika. Mwalimu wa klabu anasema ninaharakisha risasi, siiachii pumzi. Anasema kweli. Unapolala kifudifudi na kufumba jicho moja, masikio umeyaziba, dunia yote inakuwa ile karatasi iliyo mbele yako, na barabara inabaki mgongoni.