Dishon Alivyokwenda Kuishinda Sagalla

Dishon alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Voi mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtu wa pande za ziwa, mwenye kifua kipana na maneno mapana zaidi. Kazini alikaa kitini kutwa. Hata maji ya kunywa aliletewa. Lakini ungemsikia Jumapili baada ya ibada, ungedhani alizaliwa juu ya mwamba. Kilima cha Sagalla, kilichoonekana wazi kutoka mlangoni pake, yeye alikiita kichuguu.

"Watoto wa hizi nyumba za reli wamelegea," alimwambia mkewe, Rispa. "Likizo ikifika nawapandisha wote. Watajua ukakamavu."

"Sagalla kuna barabara, Baba Opiyo. Watu wanaishi kule juu. Si uwaulize njia?"

"Barabara ni ya wagonjwa."

Basi ikafika Desemba. Watoto wa majirani walijipanga nje alfajiri, pamoja na Awiti na Opiyo, watoto wake mwenyewe. Wakamngoja. Kiongozi alikuwa ndani anakunywa chai, akaongeza mayai, akaongeza mandazi. Alipotoka, jua lilishapanda. Alivaa kaptura ya kaki na buti mpya, shingoni filimbi na darubini ya kuazima. Maji alibeba chupa moja tu.

"Hayatatosha," Rispa akasema.

"Milimani ndiko maji yanakotoka," akajibu, akapuliza filimbi.

Wenyeji wa Sagalla, ambao mwaka ule walikuwa wakihangaika na mitungi kutafuta maji, hawakuwepo kumcheka.

Walipofika chini ya kilima, Dishon aliiacha barabara akaingia vichakani, moja kwa moja kuelekea juu. Mwanzoni alitangulia. Baada ya kitambo akarudi katikati, ati awachunge vizuri. Kisha akawa wa mwisho kabisa, kulinda mgongo wa msafara. Kila waliposimama kumsubiri, walimkuta ameinamisha chupa mdomoni.

"Baba, umeyamaliza!" Awiti akalia.

"Kiongozi akizimia, ni nani atawaongoza?"

Muda si muda kiongozi akakwama. Miiba iliinasa kaptura kwa nyuma. Alipojivuta ikapasuka, na misuli ya mapaja ikamkaza hapo hapo. Akaketi juu ya jiwe akishika miguu, analia kama mtoto anayetahiriwa. Watoto wadogo, kuona hivyo, nao wakaangua kilio.

Kilio hicho ndicho kilichowaokoa. Kumbe barabara ilipita nyuma tu ya kichaka kile. Mwanamke mmoja wa Sagalla, Priscilla, alikuwa akirudi kutoka sokoni, gunia la unga kichwani na mtoto mgongoni. Akachungulia.

"Mnatafuta mbuzi?"

"Tunapanda mlima," Dishon akasema, akijikaza.

"Mlima? Na mbona umekaa, baba?"

Hakungoja jibu. Alitua gunia, akawagawia watoto maji yake, akawaonyesha barabara ya kurudi. Dishon akatangaza kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya udhaifu wa watoto. Alitaka kupuliza filimbi, pumzi ikakataa. Aliteremka ameegemea mabega ya Awiti na Opiyo, na penye mteremko mkali akashuka kwa makalio, jambo ambalo kaptura ile haikuwa na hali ya kulistahimili. Waliingia nyumba za reli mchana kweupe, majirani wote wakiwa nje.

Kabla likizo haijaisha, Rispa aliwachukua watoto wale wale akapanda nao kwa barabara, akipiga soga na akina mama waliotoka sokoni. Priscilla aliwakaribisha kwake, wakala ndizi, wakaitazama treni huko chini ikiwa ndogo kama tandu. Jioni walikuwa wamesharudi.

Dishon aliwasikiliza wakisimulia, miguu ndani ya karai la maji moto.

"Hapo mlipofika," akasema mwishowe, "si kilele chenyewe."

Rispa akamwongezea maji ya moto, mengi kidogo kuliko ilivyohitajika.