Wivu Wangu Ulivyokula Kilima cha Wafua Chuma

Nilifanya roho mbaya, na nilijua ninachokifanya. Msinitafutie utetezi. Kusema shetani alinipitia nitakuwa namsingizia, maana alinikuta nimeshaanza!

Nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha kutunza vitu vya kale, hapa Kalangalala, Geita. Tuna vyungu, majembe ya zamani, mawe ya kusagia. Kazi yangu ni kompyuta. Mfumo wa kumbukumbu za vitu hivyo niliuunda mimi mwenyewe, na mkuu wetu, Baba Ester, akipata mgeni tu ananiita: "Mama Data, njoo uwaonyeshe!" Nilikuwa navimba kichwa, sifichi.

Lakini mfumo wangu ulikuwa na kasoro. Sehemu ya tarehe niliitengeneza kama ya cheti cha kuzaliwa: siku, mwezi, mwaka. Na ukiandika mwaka ulio chini ya 1900 inakataa katakata. Sasa chungu cha enzi za kabla ya Kristo utakiandikia siku gani? Nikawa najaza tarehe mosi Januari 1900 kwa kila kitu cha kale, umri wenyewe naurusha kwenye maelezo ya pembeni. Nikajisemea, nani ataangalia?

Akaja Kabula.

Binti wa Chato, mdogo kwangu, ana heshima mpaka inakera. Shikamoo dada akifika, shikamoo dada akirudi kutoka kula. Hata hajazoea kiti chake, akaniuliza mbele ya watu, "Dada, mbona hivi vitu vyote vimezaliwa siku moja? Ni mapacha?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Baba Ester mpaka akavua miwani kufuta machozi. Mimi nikacheka kwa meno tu, moyoni moto unawaka.

Na hakuishia hapo! Akaongeza sehemu mpya kwenye mfumo wangu. Badala ya tarehe akaweka miaka miwili kwa namba, kuanzia mwaka huu mpaka mwaka ule, kwa sababu vitu vya kale havina siku ya kuzaliwa, vina makadirio. Miaka ya kabla ya Kristo akaiwekea alama ya kutoa mbele. Halafu akaweka mahali pa kueleza umri umejulikanaje: makaa yamepimwa maabara, au wazee wamesimulia kuwa ni enzi za mtemi fulani, kabla ya njaa fulani. Rahisi hivyo! Mimi sikuwahi hata kuliwaza, na hilo ndilo lililonichoma.

"Huyu binti ana akili, gete!" Baba Ester akawa anasema. Gete, yaani kweli kabisa kwa Kisukuma, kutwa nzima. Wageni wakija anaitwa Kabula. Mama Data sikuisikia tena. Jamani, kijiba cha roho kitu kibaya! Nikifika nyumbani namsimulia mume wangu ubaya wa Kabula, mpaka siku moja akaniuliza, "Kwani huyo Kabula amekukosea nini hasa?" Nikamnunia.

Sasa, Kabula alikuwa na jambo alilolipigania kuliko kazi yenyewe. Huko mbele ya Runzewe, kwa bibi yake mzaa mama, kuna kilima chenye mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Ukoo wa bibi ndio waliokuwa wafua chuma. Bibi akipanda pale anavua viatu na kunyunyiza unga wa mtama kwa ajili ya wahenga. Watafiti walishayapima makaa ya zile tanuri na kukuta ni ya kabla ya Kristo. Kabula alitaka kizungushiwe uzio kitunzwe, na wachimbaji wa dhahabu nao walikitaka kilima hicho hicho. Kikao cha kijiji ndicho kingeamua.

Kabula akatangulia kijijini kumwandaa bibi yake. Baba Ester akaniambia nichape karatasi ya umri wa zile tanuri. Mimi nikadhani ni ya mkutano wetu wa ofisini. Nikaondoa miaka ya Kabula kwenye ukurasa wa kuchapa, nikarudisha tarehe yangu ya zamani. Nilitaka ionekane sehemu yake mpya imeharibu kumbukumbu, aumbuke, Baba Ester aseme afadhali mfumo wa Mama Data. Nikaifunga kwenye bahasha huku nasikia raha, Mungu anisamehe.

Baba Ester akachukua bahasha. "Panda gari, tunaipeleka kikaoni kijijini."

Nikapanda. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kusema, na njia nzima nikaangalia dirishani. Ningesema, Kabula angeonekana malaika na mimi mchawi.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Tanuri ya kwanza, tarehe mosi Januari 1900. Tanuri ya pili, tarehe mosi Januari 1900..."

Msemaji wa wachimbaji akasimama. "Mwenyekiti, babu yangu ni mkubwa kuliko hizo tanuri, mbona hamjamzungushia uzio? Na zote zilijengwa sikukuu ya mwaka mpya? Hii karatasi imepikwa!"

Watu wakacheka. Baba Ester akasema makaa yalipimwa maabara, akajibiwa kwamba karatasi yake mwenyewe inasema 1900. Bibi wa Kabula hakuelewa wanacheka nini, akawa anamvuta mjukuu wake kanga amweleze. Kabula akaninong'oneza, "Dada, nimekosea wapi? Nisaidie." Nami nikamjibu, tena kwa sauti, wote wasikie: "Sijui, huo si mfumo wako?"

Kilima wakapewa wachimbaji.

Leo pale ni maduara, mashimo ya dhahabu, yamechimbwa kila upande na mashine za karasha zinasaga mawe kutwa. Tanuri hazipo. Kabula aliacha kazi, na siku ya kuondoka akaniambia, "Wabeja dada, asante kwa kunivumilia." Kunivumilia! Nililia chooni. Baba Ester nilimweleza ukweli. Hakunifukuza, ila hajaniita Mama Data tena, wala hanitumi kwa wageni. Kabula nilimpigia simu nikamweleza yote. Akasema, "Mimi usiniombe, dada. Kamwombe bibi." Sijaenda. Nitamwambia nini yule bibi?

Miaka ya Kabula nimeirudisha yote kwenye mfumo. Lakini kitu kikipotea tunatakiwa kujaza tarehe ya kuharibiwa. Nikaziandikia zile tanuri siku, mwezi na mwaka. Ile sehemu yangu, iliyokuwa inakataa miaka ya kale, ikapokea palepale.

Wewe mwenye mtu kazini anayekuzidi, nakusihi, kamnunie, kamsengenye, kalie nyumbani mpaka uchoke. Kazi yake usiiguse! Hujui nani mwingine ameiegemea. Mimi nilimlenga Kabula, aliyeanguka ni bibi aliyekuwa anavua viatu.